Picha inaruka na prosesa ina nafasi: jibu kwa fundi mitambo anayehamia kwenye mashine pepe

Swali la msomaji: "Mimi ni fundi mitambo katika kituo cha televisheni cha ukubwa wa kati. Mikseri ya picha, mashine ya maandishi, rekoda nne, mashine ya marudio na enkoda, kila kimoja ni sanduku lake, na vyote vimeunganishwa kwa kebo za SDI, zile za kubebea picha. Vimezeeka. Uongozi unataka kila kitu kihamie kwenye seva za idara ya TEHAMA, ambazo tayari zinaendesha mashine pepe za ofisi, yaani kompyuta za kiprogramu zinazogawana seva moja. Tumejaribu. Seva ina prosesa mbili za viini 16 kila moja na kadi ya mtandao ya gigabiti 25. Programu ya mikseri tukaipa mashine pepe ya viini 24, ikapokea kamera nane za 1080p50 (fremu 50 kwa sekunde, moja kila milisekunde 20) bila kubana picha, kwa ST 2110, kiwango cha kupeleka picha kwa mtandao wa IP. Grafu inaonyesha prosesa inatumika asilimia 40 tu, lakini picha inaruka mara kwa mara, na kila siku saa saba usiku inaganda kama sekunde moja hivi. Wenzetu wa TEHAMA wanasema seva haina tatizo. Je, video haifai kwenye mashine pepe? Na kama inafaa, tuanze kuhamisha nini?"

Ndugu fundi, video inafaa, na wenzako wa TEHAMA hawakudanganyi. Kwa vipimo vyao seva ile ni nzima. Shida ni kwamba wao wanapima kwa dakika, wewe unaishi kwa milisekunde 20. Grafu yao hujumlisha kazi ya prosesa ya sekunde 20, pengine ya dakika 5, ikagawanya na kuandika asilimia 40. Ndani ya hiyo asilimia 40 zimo nyakati fupi ambapo programu yako iliomba kiini ikaambiwa ingoje. Barua pepe ikingojeshwa milisekunde 30 hakuna atakayejua. Katika 1080p50, milisekunde 30 maana yake fremu moja imeshapita na ya pili iko katikati.

Wapelekee hesabu hii. Fremu 50 kwa sekunde ni fremu 180,000 kwa saa. Seva ikiziwahi 999 katika kila 1,000, kwa jicho la ofisi huo ni ufanisi wa asilimia 99.9, watu wanapongezana. Kwako wewe ni mikwaruzo 180 kwa saa, mitatu kila dakika, na simu ya mkurugenzi isiyoacha kulia.

Sanduku lako la zamani halikuwa na habari ya wastani. Mikseri ya SDI ni saketi zilizopangwa kufanya kazi ile ile kwa kila pikseli, kwa mdundo wa saa moja, leo na kesho. Biti bilioni 2.97 zinaingia kila sekunde kwa kila kebo ya 3G-SDI na zinatoka vilevile. Hakuna foleni, kwa hiyo hakuna wa kungoja. Seva imezaliwa kwa nia tofauti kabisa: wageni wengi wakae chini ya paa moja kwa sababu si wote wanaohitaji chakula kwa wakati mmoja. Haipavaiza, programu inayoigawa seva kwa mashine pepe, ndiye mpakuaji, na sifa yake kubwa ni kugawa kwa haki. Haki hiyo ndiyo inayokuumiza. Mikseri haitaki fungu la haki; inataka sahani yake iwe mezani kila milisekunde 20, hata kama wengine watalala njaa.

Sasa tuiangalie mashine yenu yenyewe, maana maelezo uliyonipa yanatosha kuona makosa matatu bila kuifungua seva.

La kwanza ni vile viini 24. Najua mlifikiria nini: kazi ni nzito, tuipe nyingi. Lakini prosesa moja ina viini 16, kwa hiyo mashine pepe ya viini 24 lazima ikanyage prosesa zote mbili. Kila prosesa ina kumbukumbu yake ya karibu. Kiini cha upande huu kikitaka data iliyowekwa upande ule, data inavuka daraja baina ya prosesa mbili, na daraja hilo ni refu zaidi na jembamba zaidi. Fremu moja ya 1080p, ikiwa imefunguliwa kwenye kumbukumbu kwa biti 16 kwa kila sampuli, ni megabaiti 8.3. Kamera nane kwa fremu 50 zinatoa gigabaiti 3.3 kwa sekunde, na hiyo ni kuziandika mara moja tu. Mikseri huzisoma, huzibadilisha rangi, huzichanganya, huzinakili tena kwa ajili ya skrini ya kuonyesha vyanzo vyote. Nusu ya msafara huo inavuka daraja bila sababu. Zaidi ya hapo, mashine pepe pana hupata shida kupangiwa nafasi pale inapogombania viini na majirani: baadhi ya viini vyake vinakimbia, vingine vinasubiri, na fremu haikamiliki mpaka wa mwisho afike.

Punguzeni. Ipeni viini 12, vyote vya prosesa moja, vifungwe kwa jina ili asivikanyage mwingine, na kumbukumbu itoke upande huo huo. Itafanya kazi vizuri kuliko kwa 24. Kabla ya kuchagua upande, chungulieni kadi ya mtandao imechomekwa kwenye prosesa ipi. Kadi ikiwa upande wa pili, kila pakiti itavuka lile daraja nililokwisha kulisema. Nimeona watu wakibadilisha programu, wakabadilisha swichi, wakamlaumu muuzaji, na dawa ilikuwa kuihamisha kadi kutoka nafasi moja ya ubao hadi nyingine.

Kosa la pili limo kwenye njia ya pakiti. Picha ya 1080p50 ya biti 10 isiyobanwa inachukua karibu gigabiti 2.07 kwa sekunde kabla ya vichwa vya pakiti. Hizo ni karibu pakiti 200,000 kila sekunde kwa kamera moja, na kwa kamera nane ni zaidi ya milioni moja na nusu. Kwa kawaida kila pakiti inayoingia kwenye mashine pepe inapita swichi pepe ya haipavaiza, kisha mfumo endeshi wa mgeni, kisha ndipo inafika kwenye programu. Njia hiyo ilijengwa kwa kurasa za wavuti. Kwa ST 2110 unahitaji njia ya mkato. Kadi igawanywe kwa SR-IOV, kila mashine pepe ikabidhiwe kipande chake halisi, na programu isome moja kwa moja kutoka kwenye kadi bila kupitia mfumo endeshi. Maktaba ya programu iitwayo DPDK hufanya hivyo, na Rivermax ya NVIDIA pia, ila Rivermax inataka kadi za NVIDIA zenyewe. Muulizeni mwenye programu ya mikseri anatumia ipi. Akikujibu kwamba haihitaji yoyote, mwambie akuonyeshe inavyofanya kazi na kamera nane kwa siku tatu mfululizo.

Nafasi ya kadi pia ihesabiwe. Gigabiti 25 zinabeba picha kumi hivi za aina hiyo kila upande. Nane zinaingia, zinatoka programu kuu, akiba yake na skrini ya vyanzo. Mnatosha, lakini hamna pa kunyoosha miguu.

La tatu ni saa saba usiku. Hilo nina hakika nalo kabla hujamaliza kusoma: ni chelezo, ile nakala ya akiba. Mfumo wa chelezo wa ofisi hupiga picha ya hali ya mashine pepe, na ili kuipiga huisimamisha mashine kitambo. Ikimaliza kunakili, huunganisha tena diski, na hapo huisimamisha mara ya pili. Seva ya mahudhurio ya wafanyakazi ikisimama sekunde moja saa saba usiku, nani yuko macho? Mikseri ikisimama sekunde moja ni fremu 50. Itoeni kwenye ratiba ya chelezo. Mashine inayopitisha picha za moja kwa moja haina haja ya chelezo ya namna hiyo. Hifadhini mipangilio yake kama faili, na muwe na mashine mama ya kuizalisha upya.

Yuko ndugu wa huyo anayeitwa uhamishaji wa moja kwa moja. Kundi la seva likiona seva moja imezidiwa, huihamisha mashine pepe kwenda kwa jirani ikiwa inafanya kazi, na wauzaji hulisifia jambo hilo kuliko yote. Niliwahi kuitwa kwenye kituo kimoja ambako picha ilikuwa inaganda nusu sekunde bila mpangilio, mara asubuhi, mara jioni, siku nyingine haigandi kabisa. Tulikaa siku mbili tukikagua kebo. Siku ya tatu kijana mmoja wa TEHAMA akaniuliza kwa upole kama nimeangalia daftari la matukio la haipavaiza. Sikuwa nimeliangalia. Kila mganda ulikuwa na mstari wake mle ndani: mashine imehamishwa kutoka seva ya pili kwenda ya nne, sababu, kusawazisha mzigo. Mzigo ulisawazishwa, matangazo yakaharibika. Zimeni usawazishaji huo kwa mashine zote za picha. Mkishaingia SR-IOV mara nyingi utakataa wenyewe, na hiyo ni neema.

Kuna na jambo dogo la umeme. Seva nyingi huja zimewekwa kubana matumizi, viini vikisinzia kila vikipata mwanya. Kuamka huchukua muda mfupi sana, lakini muda huo hurudiwa maelfu ya mara. Wekeni seva kwenye hali ya nguvu kamili tangu kwenye mipangilio ya ubao, kisha kwenye haipavaiza pia, maana moja bila nyingine haisaidii.

Baada ya hayo msitazame tena ile grafu ya asilimia 40. Kwenye ESXi, haipavaiza ya VMware, angalieni safu ya %RDY, ambayo ni muda mashine pepe iliokuwa tayari kufanya kazi ila haikupewa kiini. Ndani ya mgeni wa Linux chini ya KVM, haipavaiza ya Linux, angalieni herufi st kwenye amri ya top. Zote zikae karibu na sifuri. Hapo mtaweza kuzungumza na wenzenu kwa lugha moja, kwa sababu hicho ni kipimo chao wenyewe na hawawezi kukikataa.

Nikuingilie kidogo kwenye swali la pili, la nini kihame kwanza, kwa sababu naona uongozi wenu umefunga mizigo mitatu kwenye furushi moja. Kuacha SDI na kwenda kwenye IP ni jambo moja. Kuacha sanduku na kutumia programu ni jambo la pili. Kuiweka programu kwenye mashine pepe pamoja na nyingine ni la tatu. Unaweza kuwa na kituo kizima cha ST 2110, kiwango kilichoanza kutolewa mwaka 2017, na kila kifaa kikabaki sanduku. Unaweza kuwa na programu ya mikseri kwenye kompyuta moja inayopokea SDI kwa kadi, bila IP wala haipavaiza. Mmeruka ngazi tatu kwa hatua moja, tena mkaanza na mikseri, kazi ngumu kuliko zote. Si ajabu mmejikwaa.

Mimi hupanga mambo haya kwa kuuliza swali moja juu ya kila sanduku: likichelewa, nani anaumia, na baada ya muda gani?

Kugeuza faili kutoka muundo mmoja kwenda mwingine, ukaguzi wa ubora, maktaba ya picha, upakiaji mtandaoni: haya yakichelewa dakika tano hakuna anayeumia. Hayo ndiyo mzigo wa kuhamisha mwezi huu. Tena hayo ndiyo yanayoipa mashine pepe maana yake, kwa sababu kazi hujaa jioni na kupungua asubuhi, na viini vilivyokaa bure vinaweza kufanya kingine. Rekoda na enkoda za mtandaoni hufuata. Hizo zina haraka kidogo, ila zina bafa, yaani akiba ndogo ya kungojea. Pakiti ikichelewa kidogo inakuta nafasi yake bado ipo. Halafu yapo matangazo ya ratiba, yaani ile mashine inayocheza vipindi na matangazo ya biashara usiku na mchana. Watu huiogopa kwa sababu ndiyo inayoonekana hewani, lakini kwa upande wa muda ni mpole: faili zinajulikana mapema, na hakuna mtu anayezungumza naye ana kwa ana. Ikichelewa fremu kumi daima, mtazamaji hana cha kulinganisha.

Ugumu unaanza pale mtu anapobonyeza kitu na kutazama matokeo. Maandishi ya skrini, mikseri, marudio ya michezo. Fundi wa marudio hugeuza gurudumu na jicho lake linasubiri picha ifuate mkono. Mkichelewesha fremu sita atakuambia gurudumu limelegea, na atakuwa sahihi ingawa gurudumu ni zima. Hivyo vihame mwisho, na pengine visihame wakati huu.

Kamera, maikrofoni, saa kuu ya kituo na mfumo wa mawasiliano ya wafanyakazi havihami. Kamera haiwi pepe.

Hebu tukae kwenye ucheleweshaji, maana hapa ndipo vituo vingi hushtuka wakiwa wameshalipa. Kwenye SDI picha ilitoka kwenye kamera hadi skrini ya mwongozaji kwa fremu moja, pengine mbili. Programu haifanyi kazi hivyo. Inapokea fremu nzima kwanza, hiyo ni fremu moja. Inailinganisha na nyingine ili zote ziwe za wakati mmoja, inachakata, hiyo ni ya pili. Inaiweka kwenye bafa ya kutokea, ya tatu. Kwa 1080p50 ni milisekunde 60 kwa programu moja. Ukiipeleka kwenye programu ya maandishi, 60 nyingine. Kwenye skrini ya vyanzo, 60 nyingine. Kama mnatengeneza kwa fremu 25, zidisha mara mbili. Kila muuzaji anasema yeye ni fremu tatu tu, na anasema kweli. Hakuna muuzaji anayekuambia jumla.

Jumla hiyo inaumiza sehemu mbili. Kwanza midomo na sauti. Pendekezo la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU-R BT.1359, linasema watu huanza kugundua tofauti sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45, au ikichelewa kwa milisekunde 125. Ona kwamba jicho na sikio huvumilia sauti kuchelewa kuliko kutangulia, pengine kwa sababu hata radi tumezoea kuiona kabla ya kuisikia. Sasa, kwenye mfumo wenu picha ndiyo itakayochelewa na sauti itatangulia, upande ule ambao watu hawasamehi. Kwa hiyo sauti lazima icheleweshwe kwa makusudi ilingane na picha, na kipimo hicho kibadilike kila njia ya picha inapobadilika. Mtu mmoja apewe kazi hiyo kwa jina.

Pili ni sikio la mtangazaji. Sauti yake ikimrudia sikioni imechelewa hata kidogo, ulimi unaanza kujikwaa. Kwa hiyo sauti ya kurudi kwa mtangazaji isipite kwenye seva hata siku moja. Itoke kwenye mikseri ya sauti moja kwa moja. Mtu akikwambia mfumo wake una kasi ya kutosha, mwombe avae kipokea sauti asome taarifa ya habari kwa sauti, dakika mbili tu.

Dawa mojawapo inayokuja ni programu kuacha kutumiana fremu kwa mtandao pale zinapokaa kwenye seva moja. Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, EBU, ulitoa mwaka 2024 mchoro wa kituo kinachojengwa kwa programu unaoitwa Dynamic Media Facility, na ndani ya mchoro huo ndimo ilimozaliwa MXL, njia huria ya programu za kampuni mbalimbali kusoma fremu ile ile kwenye kumbukumbu moja bila kuinakili. Naipenda fikra hiyo kwa sababu inagusa ugonjwa wenyewe, kunakili kupita kiasi. Lakini nisingenunua kitu leo kwa ahadi tu kwamba kitaipokea kesho.

Saa. Kwenye SDI mlikuwa na kebo moja ya mdundo wa saa inayozunguka chumba kizima. Kwenye ST 2110 kazi hiyo inafanywa na PTP, itifaki ya kusambaza saa sahihi kwa mtandao, kwa kanuni za ST 2059, na lengo ni vifaa vyote vikubaliane ndani ya mikrosekunde moja. Saa ya NTP ya ofisi inahesabu kwa milisekunde, haikufai. PTP inataka swichi zinazoielewa, zinazopokea saa na kuipitisha ikiwa imesafishwa. Na mashine pepe isiachwe iifuatilie PTP peke yake kupitia swichi pepe, kwa sababu foleni za mle ndani zinaifanya saa iyumbe. Seva mwenyeji ndiyo ifuate PTP kupitia kadi, na wageni wasome saa ya mwenyeji. KVM ina njia ya kufanya hivyo.

Mtandao wa picha uwe peke yake. Si VLAN ya ziada, yaani mtandao uliotengwa kwa mipangilio tu, kwenye swichi za ofisi, bali swichi zake. Picha za ST 2110 husafiri kwa multikasti, mkondo mmoja kwa wapokeaji wengi, na swichi isiyosimamia sawasawa IGMP, itifaki ya kuomba mkondo, huimwaga kila mlango. Kamera moja ikimwagika kwenye mlango wa gigabiti 1 wa mhasibu, mhasibu hana mtandao tena na wewe huna rafiki tena.

Kama gharama ya swichi za namna hiyo inawatisha, na sidhani ni aibu kutishika, fikirieni kubana picha. JPEG XS inabana kama mara kumi na inaongeza chini ya milisekunde moja, na ina nafasi yake ndani ya ST 2110-22. NDI, iliyotolewa na NewTek mwaka 2015, inaipeleka 1080p50 kwa megabiti mia moja na kitu, inapita kwenye swichi za kawaida, na haihitaji PTP. Wahandisi wenye majivuno huidharau. Kwa kituo cha kamera nane ningeanza na NDI au JPEG XS kabla ya picha isiyobanwa, kwa sababu asilimia kubwa ya shida zako za leo zingekuwa hazijazaliwa. Kutoka nje ya jengo tumieni SRT, iliyofunguliwa kwa wote mwaka 2017. Inavumilia intaneti mbovu kwa kuomba upya pakiti zilizopotea.

Kuhusu kuharibika. Sanduku la rekoda likifa, unapoteza rekoda. Seva yenye mikseri, maandishi na rekoda ikifa, unapoteza kipindi. Mchuma janga hula na wa kwao, na kwenye seva moja wote ni wa kwao. Mikseri kuu na akiba yake zikae kwenye seva mbili tofauti, zenye umeme wa njia mbili tofauti, na haipavaiza iagizwe kwa kanuni isiziweke pamoja kamwe. Pakiti zisafiri kwa mitandao miwili kwa wakati mmoja chini ya ST 2022-7, ili mpokeaji achukue ile inayowahi. Msiingie kwenye mtego wa kufikiri kwamba haipavaiza kuiwasha upya mashine iliyokufa ni kinga: inachukua dakika kadhaa, na dakika moja ya skrini nyeusi tayari ni habari.

Leseni nazigusia haraka ingawa zitakuchosha kuliko zote. Programu nyingi za picha hufunga leseni kwenye anwani ya kadi ya mtandao, au kwenye kijiti cha USB. Mashine pepe ikizaliwa upya kwenye seva nyingine, anwani inabadilika na leseni inakataa, tena usiku. Ulizeni jambo hilo kabla ya kusaini. Pia haipavaiza yenyewe ina bei. Baada ya Broadcom kuinunua VMware mwezi Novemba 2023, leseni za kununua mara moja ziliachwa na kila kitu kikawa cha kulipia kwa muda. Kwa hiyo anayewaambia uongozi kwamba seva zitafuta gharama hajafanya hesabu. Mlikuwa mnanunua sanduku mara moja na kulitumia miaka kumi. Sasa mtalipa kila mwaka. Inaweza kuwa nafuu, inaweza isiwe, lakini ikae kwenye karatasi ya hesabu za miaka saba, si ya mwaka mmoja.

Vitu vidogo vinavyosahaulika kila mara: taa nyekundu ya kamera, vitufe vya kuongoza kamera kutoka chumbani, majina chini ya kila picha kwenye skrini ya vyanzo. Kwenye masanduku vilikuwa na waya zake. Kwenye programu kila kimoja kinahitaji itifaki na mtu wa kuiunganisha. Nimeona mfumo mzima unafanya kazi vizuri na mtangazaji anaangalia kamera isiyokuwa hewani kwa sababu taa haikuwaka. Na meza ya vitufe ya mwongozaji ibaki. Kuchanganya picha kwa kipanya kunawezekana kwa mazoezi, si kwa mechi.

Kwa sasa fanyeni hivi. Ile mashine ya viini 24 ipunguzeni kama nilivyosema, itoeni kwenye chelezo na kwenye usawazishaji, kisha iacheni saa 72 mfululizo ikipokea picha yenye saa iliyochomwa juu yake, na rekoda ya SDI pembeni ikirekodi matokeo. Baada ya hapo tafuteni fremu zilizokosekana kwa kuzihesabu, si kwa kukodolea macho. Katika saa hizo 72 chomoeni kebo moja ya mtandao, kisha zimeni seva moja bila kuiaga. Mwite yule mtu wa TEHAMA awepo, na yeye ndiye azime.

Mikseri ya zamani msiiuze. Iwekeni pembeni na kamera mbili za SDI na maikrofoni moja, pato lake liende kwenye kisambaza mawimbi kwa swichi ya mkono isiyopita kwenye seva yoyote. Mara moja kwa mwezi, katika kipindi chepesi cha mchana, endeni hewani nayo dakika kumi. Na feni zake mzisafishe. Ukiniambia ni ya miaka kumi na tano, vumbi lililomo ndani nalijua.